Dodoso linauliza umechoka kiasi gani, haliulizi zamu inaisha saa ngapi

Msomaji, kabla hatujaanza naomba tufanye hesabu ndogo. Wewe ni intani, yaani daktari uliyemaliza miaka mitano ya chuo na sasa uko kwenye mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Umepangiwa hospitali moja mteremkoni mwa Kilimanjaro. Hii ni wiki ya pili mfululizo uko zamu za usiku. Anakuja mtu na dodoso la maswali tisa, anakwambia ujibu ukifikiria wiki mbili zilizopita. Usingizi umekuwa wa shida? Karibu kila siku, pointi 3. Unajisikia mchovu? Karibu kila siku, 3. Kula je? Kantini inafungwa saa mbili usiku, umeshindia karanga na chai ya chupa, weka 2. Kutulia na kuzingatia unachofanya? Saa kumi alfajiri nani ametulia, weka 2. Jumlisha.

Ni 10. Kuanzia 10 na kuendelea, makala nyingi za kisayansi zitakuhesabu kuwa una sonona.

Angalia vizuri ulichojibu. Hukusema una huzuni. Hukusema mambo uliyoyapenda yamekuchosha. Umeeleza ratiba ya kazi, basi. Chombo kimechukua ratiba yako kikaigeuza kuwa ugonjwa wako.

Leo nataka kukosoa aina hii ya utafiti, hasa ule uliofurika wakati wa korona kuhusu hali za madaktari walioko mafunzoni. Nianze na kukiri: mimi mwenyewe niliufanya. Shahada yangu ya uzamili imesimama juu ya dodoso kama hilo, nililolisambaza katikati ya 2021 nikiwa Moshi. Nilipata alama nzuri. Kwa hiyo nikisema "watafiti" humu ndani, na mimi nimo.

Dodoso lenyewe linaitwa PHQ-9. Lilitengenezwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na makala yake iliyolipa umaarufu ilitoka mwaka 2001. Maswali tisa, kila moja pointi 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Toleo la Kiswahili lipo na limetumika Kenya na huku kwetu. Si chombo kibovu hata kidogo. Ni chekeche. Na kazi ya chekeche ni kukwambia nani aitwe akae na daktari azungumze naye, kisha daktari ndiye aseme kama kuna ugonjwa. Hata waliolitengeneza waliweka njia nyingine ya kulisoma, ambayo inataka angalau moja kati ya maswali mawili ya msingi, la huzuni au la kukosa raha, liwe limejibiwa kwa uzito. Intani wetu wa hapo juu asingepita kwenye njia hiyo. Lakini kujumlisha ni rahisi zaidi, na Excel inajumlisha yenyewe.

Hata ukijumlisha kwa nia njema, kuna mtego wa hesabu ambao ningependa kila anayesoma vichwa vya habari vya afya aujue. Katika makala ya 2001, kikomo cha pointi 10 kiliwanasa watu 88 kati ya kila 100 wenye sonona kweli, na kiliwaachia kwa usahihi watu 88 kati ya kila 100 wasio nayo. Ni matokeo mazuri. Sasa chukua maintani 100, tuseme 10 kati yao ndio wagonjwa kweli. Chekeche litawanasa 9. Katika wale 90 wazima, litawakosea 12 katika kila 100, yaani kama 11 hivi. Jumla ya walionaswa: 20. Wewe mtafiti unaandika "asilimia 20 wana sonona", gazeti linaandika "intani mmoja kati ya watano", na ukweli ni nusu ya hapo. Hakuna aliyedanganya. Ila zaidi ya nusu ya watu uliowahesabu si wagonjwa, na huwezi kujua ni akina nani kwa sababu hukuongea na yeyote.

Wapo waliokusanya tafiti za namna hii kutoka duniani kote. Mwaka 2015 jarida la JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti 54 kuhusu madaktari walioko mafunzoni: wastani ulikuwa asilimia 28.8, ila kutegemea chombo kilichotumika ulicheza kati ya 20.9 na 43.2. Badilisha dodoso na ugonjwa nao unabadilika.

Ukienda kwenye kile kingine wanachopenda kupima, hali ni mbaya zaidi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, alieleza jinsi watu wanaojitolea kwenye kliniki za bure wanavyofika mahali wakaungua kama balbu, mwanga ukaisha. Christina Maslach na Susan Jackson wakaja na dodoso lake mwaka 1981, vipengele 22. Kwa Kiswahili wengine huandika "uchovu uliopitiliza". Mimi nitasema kuishiwa, maana ndilo neno nililolisikia kwa maintani wenyewe: "Dada, mimi nimeishiwa." (Najua, mtaani neno hilo ni la kukosa hela. Subiri, tutafika huko.) Mwaka 2018 JAMA tena ikapitia tafiti 182 za kuishiwa kwa madaktari, kutoka nchi 45. Wapitiaji wakakuta tafsiri 142 tofauti za nani amekidhi vigezo vya kuishiwa. Mia moja arobaini na mbili! Majibu yakaanzia asilimia 0 mpaka 80.5. Ukikuta mizani sokoni Kiboriloni inayopima fungu moja la ndizi kilo sifuri na kilo themanini, hununui ndizi kwa muuzaji huyo.

Korona ikatukuta na mizani hiyo mkononi. Kati ya 29 Januari na 3 Februari 2020, watafiti nchini China waliwauliza wahudumu wa afya 1,257 katika hospitali 34, na Machi makala ikawa hewani: asilimia 50.4 walikuwa na dalili za sonona. Siwalaumu wale. Walikuwa katikati ya moto na waliandika "dalili", si "ugonjwa". Shida ni sisi tuliofuata. Fomu ya mtandaoni inatengenezwa jioni moja, inatupwa kwenye magrupu ya WhatsApp, wiki mbili baadaye una majibu mia mbili na sentensi ya mwisho unaijua kabla hujaanza: janga limeathiri afya ya akili ya wahudumu.

Limeathiri kutoka wapi kwenda wapi? Ukipima mara moja tu, huna kabla. Ni sawa na kupima maji ya mto Karanga siku ya mvua ya masika ukasema mvua ndiyo iliyoujaza, bila kujua jana ulikuwa na kina gani. Utafiti ninaoupenda kwenye eneo hili wala si wa korona. Srijan Sen na wenzake kule Marekani waliwauliza maintani 740 kabla hawajaanza kazi, kisha wakawarudia mwaka mzima. Chombo kilikuwa hichohicho PHQ-9, kikomo hichohicho. Kabla ya kuanza: asilimia 3.9. Wakiwa kazini: wastani wa 25.7. Ilichapishwa 2010, miaka kumi kabla ya virusi kufika KIA. Makosa ya chombo yalikuwa yaleyale kabla na baada, kwa hiyo pengo lile linasema jambo. Na kati ya mambo yaliyoendana na kupanda huko yalikuwemo saa za kazi na kukosea mgonjwa. Kumbe hata bila janga, mwaka wa kwanza wa udaktari unaumiza.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo dodoso la kuazima lilipotuvua nguo.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, abiria aliyetua KIA akitokea Ubelgiji. Vyuo vikafungwa wiki hiyohiyo, wanafunzi wa udaktari wakapanda mabasi kurudi kwao hadi 1 Juni. Maintani hawakurudi popote. Wao ni wanafunzi pale posho inapopangwa, na ni madaktari pale wodi inapojaa. Katika miezi hiyo ikatoka takwimu ya kitaifa: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo idadi haikusogea kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kama ulikuwa Moshi mwanzoni mwa 2021 unakumbuka. Desemba watu walikuwa wamepanda nyumbani kama kawaida, Marangu, Kibosho, Machame, Rombo, magari ya namba za Dar yakapaki mpaka kwenye migomba. Januari Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa waraka wa tahadhari. Barabarani watu walikuwa na nyungu na tangawizi. Na kwenye maongezi, rasmi na yasiyo rasmi, tukajifunza maneno mapya: "changamoto ya upumuaji", "nimonia kali".

Jaribu kuwa intani wakati huo. Una miaka 26. Umefundishwa kwamba kazi ya kwanza ya daktari ni kuupa ugonjwa jina lake. Mwanafunzi aliyefeli kutaja jina hatoki kwenye mtihani wa mdomo. Halafu unakutana na mzee anayehema kwa shida, ndugu wamesimama mlangoni wanauliza "Daktari, baba anaumwa nini?", na wewe unatafuta sentensi. Mmoja wa niliozungumza nao baadaye, nje ya dodoso, aliniambia hivi: "Kuchoka nimezoea. Kilichokuwa kinanikaa kifuani ni ile sentensi."

Jambo hilo lina jina katika sayansi. Mwaka 1984 Andrew Jameton, akiandika kuhusu wauguzi, alieleza uchungu wa mtu anayejua lipi ni sahihi kulifanya huku mfumo aliomo ukimzuia. Ni tofauti na sonona na ni tofauti na kuishiwa. Ukimpa mtu huyo dawa ya usingizi atalala vizuri, na asubuhi sentensi itakuwa inamsubiri. Dodoso langu halikuwa na swali hata moja la kuligusa. Lilikuwa na swali la hofu ya kuwaambukiza ndugu na swali la uhaba wa barakoa, kwa sababu ndivyo madodoso ya China na Italia yalivyokuwa. Yaliandikwa kwa nchi ambazo zilikuwa zimesema kuna janga. Nikayatafsiri neno kwa neno, nikaona nimefanya sayansi.

Na lugha pia. Huku kwetu mtu akiwa vibaya tunasema ana mawazo. "Usimsumbue, ana mawazo." Neno hilo linabeba deni, msiba, ndoa, mtihani, kila kitu, na linabeba pia dokezo kwamba kuna jambo la kuwaziwa, jambo la nje, halisi. Dodoso linataka hisia iliyojitenga na sababu yake. Niliwaona watu wakisita na kalamu hewani: naulizwa kama nina huzuni, au naulizwa kama nina sababu?

Twende kwenye kuishiwa kule kwingine, kwa hela. Ukitaka kujua kama virusi ndivyo vilivyoleta shida za maintani, rudi 2012. Mgomo mkubwa wa madaktari Tanzania ulianza na maintani wa Muhimbili waliokuwa wakidai posho zilizochelewa. Hapakuwa na korona. Kenya, Desemba 2020, daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona Machakos alifariki kwa ugonjwa huohuo. Chama cha madaktari kikasema alikuwa hajalipwa miezi kadhaa na hakuwa na bima, na tarehe 21 mwezi huo madaktari wakagoma. Novemba 2021 maintani wa Uganda nao wakaweka vifaa chini kwa ajili ya posho. Watu hawa hawakuficha kinachowaumiza, walikiandika kwenye mabango. Sisi tukawapelekea fomu ya kuwauliza wanajisikiaje kwa kipimo cha 0 hadi 3. Kwa wanaosomea ubingwa ni vilevile, ukiongeza kwamba wapo wanaojilipia ada ya chuo huku wakibeba zamu za wodi. Hilo nalo halina kisanduku.

Ukipima kichwa cha mtu, suluhisho litakuwa kichwani mwake. Ndiyo maana ripoti nyingi zinaishia kupendekeza semina ya ustahimilivu: siku moja, projekta, maji ya chupa, mazoezi ya kupumua. Mwaka 2017 Maria Panagioti na wenzake walijumlisha majaribio ya kupunguza kuishiwa kwa madaktari. Hatua za kumbadilisha daktari mwenyewe zilisaidia kidogo. Zile za kubadilisha kazi, ratiba, mzigo na namna timu inavyoendeshwa zilisaidia zaidi. Sasa fikiria intani anayetolewa kwenye saa zake za kulala baada ya zamu ili ahudhurie semina ya umuhimu wa kulala. Sikutunga. Nilikuwepo, nilikuwa mtoa mada.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike haya.

Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Nilikuwa nimeahidi usiri kamili: hakuna jina, hakuna namba ya simu, hakuna idara. Kamati ya maadili iliusifu usiri huo, na kwa kweli una sababu. Maintani huogopa kwamba anayesaini kitabu chao cha mafunzo atajua. Tena Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hivyo hata kuwaza tu watu hawapendi kukuandika. Nilifungua jedwali usiku mmoja chumbani kwangu Majengo ili nianze kusafisha data. Kwenye mstari mmoja, safu ya tisa, kulikuwa na 3. Karibu kila siku.

Nilipanda juu na chini kwenye jedwali kutafuta chochote. Umri: 25 hadi 29. Jinsi: hakujaza. Fomu ilikuwa imetumwa siku kumi na nane kabla. Niliandika kwenye grupu ujumbe wa jumla, kwamba anayehitaji kuongea anipigie au amwone fulani. Walijibu kwa vidole gumba. Msimamizi wangu alinifariji kwamba itifaki ilifuatwa. Ilifuatwa kweli. Kwenye tasnifu mstari ule ukaingia ndani ya asilimia moja ndogo, jedwali la nne, na kwenye utetezi hakuna aliyeuliza.

(Kama unasoma hapa na swali la tisa ni lako, tafadhali lifunge hili andiko umtafute mtu leo: rafiki wa darasa, dada, padri, shehe, kliniki ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu. Mwambie kwa maneno mawili tu. Si lazima uyapange vizuri.)

Kuna watakaonijibu kwamba bora data dhaifu kuliko kukosa kabisa. Nimeitafakari hoja hiyo muda mrefu. Ingekuwa sawa kama kuuliza kungekuwa bure. Si bure. Ukimuuliza mtu saa kumi alfajiri kama anatamani kufa, akakwambia ndiyo, ukaenda kumweka kwenye jedwali, umemfundisha kitu kuhusu kuuliza kwetu. Mara ya pili ataweka 0.

Mwaka huu naanza tena, hospitali nyingine, maintani wapya. Tunawauliza wiki moja kabla ya kuripoti, kisha kila baada ya miezi mitatu. Kila fomu ina namba, na orodha ya majina inashikwa na mtaalamu wa afya ya akili asiye mwajiriwa wa hospitali. Ikitokea 2 au 3 kwenye swali la tisa, yeye anapiga simu siku hiyohiyo, mimi sijui ni nani, na hilo wanaambiwa kabla ya kusaini. Majibu ya swali hilo pengine yatapungua. Ukurasa wa kwanza hauna hisia hata moja. Unauliza jana ulilala kuanzia saa ngapi, zamu ilipaswa kuisha lini na iliisha lini, ulikula nini usiku, posho ya mwezi uliopita imeingia tarehe ngapi, na kama wiki hii kuna jambo ulilopaswa kumwambia mgonjwa au ndugu ukashindwa.

Swali la posho kamati ilitaka tulitoe. Bado tunaandikiana barua.

Wakati wa kuandaa ukurasa huo nililifungua lile jedwali la zamani. Mwishoni kulikuwa na safu ya "maoni mengine", ambayo kwenye tasnifu sikuichambua, kwa sababu haikuwa namba. Wengi walikuwa wameandika, na karibu wote kuhusu vitu vya kushikika: kantini, usafiri wa usiku kushuka mjini, chumba cha kupumzikia chenye kitanda kimoja. Kwenye ule mstari wenye 3, maoni yalikuwa sentensi moja: "Naomba ratiba iwe inatoka hata wiki moja kabla."